Malalamiko Juu ya Mkono wa Mujuni Uliofika Sikioni Kabla ya Wakati

Agnetha Rugaibula (Mama Mujuni),
Kamachumu,
Wilaya ya Muleba.

Jumatano, 12 Novemba 2025

Kwa Mratibu,
Mpango wa Dawa za Kinga ya Malaria kwa Watoto,
Muleba.

YAH: MTOTO KUNYIMWA DAWA KWA KOSA LA KUKUA VIZURI

Ndugu Mratibu,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi marahaba.

Kichwa cha barua kimeshajieleza, lakini mimi nikianza jambo hupenda lieleweke, kwa hiyo nitalieleza tena tangu mwanzo. Mimi ni mkulima wa migomba na kahawa, mke wa Rugaibula, na mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Nimesoma hadi darasa la saba, lile la zamani. Kibanja chetu kinaonekana vizuri kutoka barabarani, na watu wengi wenye pikipiki wamewahi kusimama kukitazama. Mmoja alisema amesimama kwa sababu ya pancha, ila pancha hiyo ilichagua mahali pa kutokea.

Nina watoto wanne. Wa mwisho ni Mujuni, na ni wa mwisho kwa sababu baada ya kumpata yeye mimi na baba yake hatukuona haja ya kuendelea kujaribu. Alizaliwa na kilo nne na robo. Muuguzi alimpima mara mbili akidhani mzani umeharibika. Akatembea akiwa na miezi tisa. Wiki iliyopita alimsahihisha mjomba wake jina la mbunge.

Sasa mpango wenu. Mpango wenu ni mzuri, na ninausifu kabla sijaulalamikia. Msimu huu wa mvua mhudumu wa afya anapita nyumba kwa nyumba mara moja kwa mwezi, miezi minne, anawapa dawa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi wale ambao hawajatimiza miaka mitano. Dozi ya kwanza mtoto anainywa mbele yake, mbili zilizobaki mama anampa mwenyewe siku zinazofuata. Mtoto akishakunywa, malaria inamkosa. Nani atagombana na jambo hilo?

Na usidhani kwamba ninaandika kwa kupenda kuandika tu. Mwaka jana, mwezi kama huu, malaria ilimpanda Mujuni kichwani. Tulimkimbiza hospitali kwa bodaboda, mimi nimemkumbatia nyuma, nikawa namwita jina njia nzima. Hakunijua. Siku mbili, Ndugu Mratibu, mtoto anayewajua wajomba zake wote kwa majina yao ya ubatizo hakunijua mimi mama yake. Kwa hiyo maneno yakizidi huko mbele, jua yanatokea hapo.

Jumapili iliyopita dawa ilifika mlangoni kwangu na Mujuni hakupewa. Mhudumu wetu, dada Vestina, anamaliza raundi hii ya kwanza Jumamosi. Ndiyo maana naandika leo na si mwezi ujao.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa kumi Mwalimu Kahangwa alitangaza kuandikisha watoto wa darasa la awali watakaoanza Januari. Umri ni miaka mitano. Mwalimu Kahangwa ni mtu wa zamani, na vyeti vya kuzaliwa vya wengi wetu huku bado vinafuatiliwa, kwa hiyo anapima kwa njia tuliyopimwa sisi na wazazi wetu: mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikishika sikio la kushoto, ameiva. Mujuni alitimiza miaka minne mwezi huo huo. Hili nakuambia wewe peke yako. Lakini kwa akili ana zaidi, na mimi sikuona kwa nini akili ikae nyumbani mwaka mzima inawachunga kuku.

Nikamfundisha. Wiki tatu, nyuma ya jiko, kila nikishamaliza kumenya ndizi. Nilimwambia akimwona mtu yeyote mwenye daftari na kalamu asimame wima, apitishe mkono, ashike sikio, na aseme kwa sauti ya kusikika, "Nina miaka mitano na nusu." Nusu niliiongeza ili ionekane ya kweli. Alimshikia Mwalimu Kahangwa sikio, akaandikwa siku hiyo hiyo. Akamshikia katekista. Akamshikia msoma mita ya umeme, ambaye alimpongeza na kuendelea na mita yake.

Jumapili Vestina akaja na daftari na kalamu.

Hakuja peke yake. Alikuwa ameongozana na Renatha, jirani yangu, ambaye ni mjumbe wetu wa nyumba kumi na pia yumo kwenye kamati ya shule. Renatha ni mama wa Lwakatare, mtoto aliyejifunza kushika sikio kwa wiki mbili tu, jambo ambalo Renatha amelisema kisimani, sokoni na mara moja kwenye msiba. Vestina akaomba kadi ya kliniki. Kadi yetu ililowa masika yaliyopita, tarehe zote zikaungana zikawa doa moja la bluu. Basi Vestina akafungua daftari amuulize mama mtu. Kabla sijafungua mdomo, Mujuni alikuwa amesimama wima.

Alilishika lile sikio, Ndugu Mratibu, mpaka likakunjika. Na nusu yake akaitaja.

Vestina akaniangalia. "Mama Mujuni, mtoto kashajipima mwenyewe. Mimi niandike nini?"

Nikamwangalia Renatha. Renatha akaniangalia mimi. Ningesema minne, kiti cha Januari kimekwenda, na kisimani nisingepita. Renatha akasema taratibu kwamba Lwakatare wake naye amevuka, wao wameshazoea kukosa vitu vya watoto wadogo. Nikajikuta nasema kwamba wangu amevuka siku nyingi. Vestina akachora sifuri kwa chaki kwenye mlango wangu, maana yake hapa hakuna mtoto wa dawa, na wakaenda zao. Hayo ndiyo yaliyonileta kwenye malalamiko, na nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Sikio si cheti. Mwalimu akitumia sikio ni sawa, kwa sababu mwalimu anapima utayari. Lakini ofisi ya afya ina mizani, ina vipimo vya damu, ina magari. Ofisi yenye gari haiwezi kutegemea sikio.

2. Ukoo wa mume wangu una mikono mirefu. Hili linajulikana kuanzia hapa mpaka Hamugembe, anakokaa mama mkwe wangu. Marehemu baba mkwe alikuwa anachuma kahawa za juu bila kukunja tawi, na akikusalimia mkono wake ulikuwa unafika kabla yake. Mtoto wa ukoo huo kushika sikio akiwa na miaka minne ni jambo la kawaida. Ninachosema, kwa heshima, ni kwamba kilichopimwa Jumapili ni mkono. Na mimi nakubali: mkono wa kulia wa Mujuni una miaka mitano na nusu. Uandikwe hivyo, unyimwe dawa, sitaukatia rufaa. Lakini sehemu zilizobaki, yaani kichwa, kifua, tumbo, miguu na mkono wa kushoto, zina miaka minne na mwezi mmoja, na zina haki zake. Naomba zinyweshwe dawa. Huo mkono mmoja mimi mwenyewe nitauvalisha shati la mikono mirefu.

3. Mbu hawajapewa tangazo lenu. Ningekuwa na hakika kwamba mbu anapofika kitandani anamwambia mtoto ashike sikio kwanza, ningekaa kimya. Chandarua tunacho na Mujuni analala ndani yake, lakini analala kama anavyoishi, kwa nguvu, na asubuhi mguu mmoja unakutwa nje. Tena mbu si mjinga. Akipewa nafasi ya kuchagua kati ya mtoto aliyelelewa kwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ya kwangu na mtoto mwingine wa kawaida, ataanzia wapi? Mtoto aliyelishwa vizuri ndiye aliye hatarini zaidi, na ndiye mliyemruka. Siombi dozi mbili. Maelekezo nimeyasikia na ninayaheshimu. Naomba moja tu, ila itolewe kwa adabu.

4. Mpango wenu unawaonea watoto wenye akili, na hili naomba ulisome umekaa. Mtoto mzito wa kufundishika anashindwa kushika sikio, anapewa dawa, anakua salama. Mtoto mwepesi analishika, ananyimwa, anaachiwa mbu. Fanya hesabu ya miaka ishirini. Muleba nzima itakuwa na watu wenye afya nzuri wasioweza kufundishwa kitu. Nani atakaa kwenye kiti hicho ulichokalia wewe?

Na usiniambie nimfundishe kukosea. Nimejaribu. Jumatatu nilikaa naye nyuma ya jiko pale pale na kumwambia kuanzia leo mkono ukomee hapa juu ya utosi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni mchezo. Akasema huo ni mchezo wa watoto wadogo. Jana Jumanne nikampeleka kwa Vestina nimemvalisha sweta la dada yake aliloliacha akiwa na miaka mitatu, linalobana makwapani kiasi kwamba mkono hauwezi kupanda. Nilijiona nina akili. Vestina alipofungua daftari, Mujuni alijaribu mara moja, akajaribu mara ya pili, kisha akavua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi, na akayashika masikio yote mawili kwa mikono yote miwili. Vestina alilazimika kutoka nje. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka. Mtoto huyu mimi sina mahali pa kumrudisha nyuma. Amekwishakwenda.

5. Nchi hii tayari ina umri wa aina mbili. Mchezaji wa mpira ana umri wa mpira na ana umri wa nyumbani kwao, na hakuna anayemsumbua. Anaweza kuwa na watoto watatu na bado akacheza timu ya vijana, na sisi tunamshangilia. Kama mtu mwenye ndevu anaruhusiwa kupunguza, kwa nini mtoto asiye na jino hata moja bovu asiruhusiwe kuongeza? Mujuni awe na umri wa shule, miaka mitano na nusu, na awe na umri wa dawa, miaka minne na mwezi mmoja. Daftari la mwalimu na daftari la Vestina yasikutane kamwe. Yakikutana njiani, moja lipishe.

6. Sifuri mlangoni. Mama mkwe wangu alikuja juzi kutoka Hamugembe, akaiona sifuri kabla hajaniona mimi. Akauliza ni alama ya nini. Nikamwambia ni ya watoto waliofaulu kupita kiasi. Akaniuliza, "Waitu, yule wa mwaka jana aliyeshindwa kukujua, naye amefaulu?" Nikaenda jikoni kuangalia moto, na moto ulikuwa hauna shida yoyote.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, dada Vestina aelekezwe kurudi kwangu kabla ya Jumamosi, bila daftari na bila kalamu, akiwa ameshika kidonge tu na kikombe cha maji. Asipokuwa na daftari Mujuni hatashika sikio, atakunywa. Pili, aje bila Renatha. Tatu, kama sheria haimruhusu kumpa dawa mtoto aliyeandikwa miaka mitano na nusu, basi Mujuni aandikwe kama mgeni aliyekuja kututembelea, mwenye miaka minne, anayefanana sana na Mujuni. Jina lolote. Yoeli linafaa, ila wasije wakadhani tumehamia kwa Walutheri. Nne, kama hayo yote hayawezekani, ofisi yako itoe tangazo kwamba mwezi huu wa Novemba kila mtoto wa Kamachumu apunguzwe mwaka mmoja na nusu, halafu arudishiwe Januari shule zikifunguliwa. Mimi mwenyewe niko tayari kupunguzwa pamoja nao, hata bila kurudishiwa.

Lawama kwa Vestina sina. Ni binti mwenye heshima, anatembea kwa miguu vilima vyote hivi na begi mgongoni, na mtoto akitapika dawa anakaa mpaka ampe tena. Aliandika alichokiona. Tatizo ni kwamba alichokiona kilikuwa kazi nzuri sana.

Nisalimie wote hapo ofisini: dereva wa gari la dawa, mlinzi wa getini, na huyo anayewapikia chai, maana bila yeye hakuna kinachosainiwa. Wasalimie na wa nyumbani kwako. Ukipita Kamachumu, kahawa ipo, na utapima mwenyewe kama ninayoyasema kuhusu kibanja ni majivuno au ni taarifa.

Wako katika ujenzi wa taifa, na wa Mujuni,

Agnetha Rugaibula

NYONGEZA, Ijumaa asubuhi. Barua hii ilikuwa inamsubiri mtu wa kuileta Muleba, na wakati inasubiri mambo yameharibika, au yametengenea, utaamua mwenyewe.

Jana Alhamisi mchana Mujuni alilala chini peke yake bila kuambiwa. Nikamgusa, ana moto. Sikumbuki nilivyotoka nyumbani. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, mzigo wote huo, njia nzima namwita jina na yeye ananijibu kwa uchovu, na kila akijibu namwita tena. Zahanati ilikuwa imejaa akina mama, Renatha na Lwakatare wakiwa kwenye benchi la mbele kwa ajili ya kikohozi, Mwalimu Kahangwa amekaa pembeni na mguu wake unaomuuma. Muuguzi akafungua daftari, akauliza umri wa mtoto. Mujuni akaanza kuinua mkono. Nikaushika ule mkono nikaushusha.

Nikasema, "Ana miaka minne na mwezi mmoja. Mimi ndiye niliyemdanganya mwalimu."

Nilikuwa namtazama muuguzi tu, sikutaka kuona uso wa Renatha. Lakini masikio hayafungiki, na nikamsikia anasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Wangu ana minne na miezi mitatu." Halafu Annastella wa kwa fundi cherehani, nyuma kule, akasema wake hata hajatimiza minne. Halafu mwingine. Ilikuwa kama rozari, mmoja anaitikia mwenzake. Mwalimu Kahangwa alitoa orodha ya darasa mfukoni na kuanza kukata majina, na alipofika jina la kumi akaacha kukata na kushika kichwa.

Mujuni alipimwa. Hana malaria. Alikuwa ameiba senene, wale panzi wetu wa msimu, kibarazani, akala bakuli zima, wengine wakiwa na mabawa. Muuguzi akamtuliza tumbo na kuniambia kwamba joto likishuka anaweza kupewa dawa ya kinga. Lilishuka jioni. Vestina amekuja leo saa moja asubuhi na daftari lake na kalamu yake, na Renatha pia alikuwepo, nikampa kiti. Mujuni amekunywa. Amekaa nusu saa nzima nikimwangalia mdomo, na hakutapika hata tone. Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi sita tafadhali yaache kama yalivyo, usimsumbue mtu nayo, na lile la mgeni anayeitwa Yoeli ulisahau kabisa. Shule ataanza mwaka mwingine, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, jambo ambalo nimelifikiria na naona halina ubaya.

Lakini barua naituma, kwa sababu kuna ombi moja la kweli. Katika watoto kumi na tisa wa Mwalimu Kahangwa, kumi na tatu hawajatimiza miaka mitano, na wote Jumapili walirukwa. Begi la Vestina lilikuwa na dozi za watoto watano tu, pamoja na ya Mujuni. Tunapungukiwa za watoto wanane na kesho ndiyo Jumamosi. Mama zao wamekaa uani kwangu sasa hivi na watoto mapajani, hakuna anayejisifu, na mimi sijazoea kimya hiki. Mpe huyu kijana wa bodaboda hizo dozi, anasubiri getini kwako.

Na ukiandika taarifa ya mwezi, naomba iwekwe wazi kwamba aliyekiri wa kwanza alikuwa mama yake Mujuni. Renatha alikuwa wa pili.

A. R.